Wimbo Ulioanzia Katikati

"Mume wangu wa tatu alikuja kuuliza njia."

Jamilah aliisoma sentensi hiyo kwa sauti ya mtu anayenadi samaki, akakifunga kitabu pap, akakiinua juu ya vichwa vya wapita njia.

"Nani anataka kujua alielekezwa wapi?"

"Mimi!" akadakia Joska, muuza nyanya wa meza ya pili. "Na huyo wa kwanza na wa pili walipotelea wapi, banange?"

"Nunua, dada Joska. Mimi si redio."

Hivyo ndivyo alivyouza vitabu vya mtumba katika soko la Nakawa. Alifungua ukurasa wa kwanza, akasoma sentensi moja tu, akafunga. Watu waliokuja kutafuta vitunguu walirudi nyumbani na riwaya kwapani na vitunguu wamesahau. Alikuwa na sentensi zake alizozipenda kama watu wanavyopenda wajomba zao. "Siku waliyonizika, hakuna aliyelia kwa sauti isipokuwa aliyeniua." Hiyo aliiuza mara nyingi kuliko kitabu kingine chochote mezani pake.

Lakini Jumamosi hiyo alikuwa anatazama njia kuliko vitabu, na Joska alikuwa ameshaona.

"Leo ndiyo leo," alisema Joska. "Anakuja saa ngapi kwenu?"

"Saa tisa."

"Na mama yako ameshapika?"

"Tangu alfajiri."

"Basi acha kuuzia watu maiti, mwanangu. Huyo hapo anakuja na gitaa lake."

Jamilah aligeuka, na moyo ukamruka kama ulivyomruka kila mara tangu mwaka jana. Sadik Ogwal alikuwa anapenya katikati ya mafungu ya mboga, gitaa mgongoni, kanzu mpya mkononi ndani ya mfuko wa nailoni. Jina la Sadik alipewa na mama yake, aliyemlea katika Uislamu; la Ogwal na baba yake, polisi kutoka Lango aliyekuwa mpiga gitaa wa bendi. Alikuwa mrefu, na alikuwa na tabia ya kuinamisha kichwa anapocheka, kana kwamba kicheko ni mlango mfupi.

"Dada," alisema, akishika kitabu chochote kilichokuwa mbele yake, "kitabu hiki kimechanwa."

Jamilah akacheka. Ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kumwambia. Mwaka uliopita alikuja akilalamika kwamba riwaya aliyouziwa haina ukurasa wa kwanza. Jamilah hakuwa ameisoma. Hata hivyo alimkazia macho, akamtungia ukurasa mzima palepale, mvua ikiwemo, mbwa akiwemo, mwanamke aliyekataa kufungua mlango akiwemo. Ogwal alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umeutunga." Akasema tena, "Ongeza." Tangu siku hiyo hakuacha kuja.

"Umekula?" Jamilah aliuliza.

"Nani anakula siku kama hii? Shangazi Amony ameshatangulia saluni. Anasema hawezi kwenda kuonana na mkwe na kichwa cha jana."

"Sikiliza, Ogwal. Ukifika kwetu, usitaje muziki."

"Hilo umeniambia mara mia."

"Nakwambia ya mia na moja. Mama hapendi mambo ya bendi. Wimbo wako ukipigwa arusini anainuka, anatoka nje. Anasema kichwa kinamuuma. Anajua unafundisha shule. Acha ajue hivyo kwanza. Akishakupenda, tutamwambia."

Ogwal alijikuna shingo. "Kuna jambo dogo. Guerschom atanipigia saa kumi."

"Guerschom wa redio?"

"Ile programu yake, ya kuuliza nyimbo za zamani zilizorudiwa zilitoka wapi. Leo ni zamu ya 'Funua Kawa'. Nitatoka nje dakika mbili, nitasema nirudi."

"Utasema nini?"

"Nini zaidi? Wimbo wa asili, mzee wangu alinifundisha, namshukuru Mungu."

Kana kwamba umeitwa, wimbo ukaanza kwenye redio ya Joska. Mtangazaji alibwabwaja juu ya gitaa la mwanzo kama wanavyofanya watangazaji wote, akataja wanaosalimiwa Nateete, wanaosalimiwa Nakawa, mpaka sauti ya Ogwal ikaingia: *Funua kawa, mwenzangu, chakula kisipoe, aliyeko mlangoni ana mvua mabegani.* Soko likaanza kutikisa mabega. Kampala nzima ilikuwa inaimba wimbo huo miezi miwili sasa.

Jamilah peke yake hakutikisika. "Huu wimbo unaanzia katikati," alisema.

"Umeanza tena."

"Ogwal, kazi yangu ni mianzo. 'Funua kawa, mwenzangu.' Nani anamwambia nani? Kwa nini chakula kimefunikwa? Kila nikiusikia naona ukurasa uliochanwa. Na lile gitaa lako linalozunguka peke yake mwanzoni, refu vile, ni la nini?"

"Ndivyo mzee alivyonifundisha. Nikiingia mapema ananigonga kidole. 'Ngoja,' anasema. 'Kuna mtu hapo.'"

"Mtu gani?"

"Sikuuliza. Kisha akafa." Akainamisha kichwa, safari hii bila kicheko. Halafu akamtazama, na macho yake yalikaa usoni mwa Jamilah kwa muda ambao sokoni hauruhusiwi. "Jamilah. Mama yako akinikataa?"

"Hatakukataa."

"Akinikataa?"

Joska aligeukia nyanya zake kwa heshima. Jamilah akakichukua kitabu mkononi mwa Ogwal, akakirudisha mezani, na vidole vyao vikachelewa kuachana.

"Mimi sijawahi kumpinga Mama kwa neno hata moja," alisema. "Baba alipofariki tulibaki wawili tu. Kwa hiyo usimpe sababu."

*

Mama yake Jamilah, Faridah binti Kamis, alikaa Kasubi katika nyumba ya matofali yenye ua mpana, na kila kitu humo kilikuwa na rangi ya mikono yake. Alikuwa Mnubi wa ukoo wa askari wa zamani, na kama wanawake wa kwao alisuka makawa ya kufunikia chakula, mekundu, ya zambarau, ya kijani, yenye kilele kama kofia. Zamani alikuwa pia mwimbaji. Alipiga doluka, ngoma ya arusi za kwao, mpaka wanaume wakasahau viatu vyao. Aliacha kabla Jamilah hajazaliwa, na alipoulizwa sababu alisema sauti imekwisha. Uongo. Jamilah alimsikia jikoni.

Nyumba hiyo ilikuwa na desturi moja, iliyoachwa na babu Kamis mwenyewe. Mgeni wa posa huandaliwa sinia iliyo wazi, ili aone alichokaribishwa. Mwenye nyumba akiifunika kwa kawa kabla mgeni hajatia mkono, basi neno limekwisha. Hakuna matusi, hakuna kelele. Mgeni huvaa viatu vyake akaenda.

Saa tisa na robo Ogwal aliketi mkekani ndani ya kanzu yake mpya, magoti yamebana kama mwanafunzi. Gitaa alilificha nyuma ya mlango. Kando yake alikaa shangazi Amony, dada wa baba yake, nywele zikimeta, manukato yakifika barabarani. Mbele yao sinia ilifuka mvuke: pilau, kuku, na gurusa, mikate laini iliyokunjwa kama leso.

"Mwanangu," alisema Mama Faridah, "unafundisha nini?"

"Kiswahili, Mama. Na kidogo historia."

"Kampala hii, Kiswahili? Wanafunzi wanakusikia?"

"Wanasikia wakitaka, Mama. Wasipotaka wanasema ni lugha ya askari."

"Waambie sisi ndio hao askari," akasema Mama, na akacheka. Jamilah, aliyesimama mlangoni na birika la kunawia, alibana tabasamu. Mama alikuwa amecheka! Akamwona Ogwal anamtazama kwa pembe ya jicho, uso umemwiva kwa matumaini.

"Mimi nitaongea ukweli," alisema Amony, moyo umeshamjaa. "Hii kijana ni ya heshima. Hanywi, hapigani. Baba yake, kaka yangu Okwera, alikuwa hivyohivyo. Yeye na gitaa lake tu."

"Okwera?" Mama aliuliza polepole. "Okwera wa bendi ya polisi?"

"Huyohuyo! Ulimjua?"

"Shangazi," alinong'ona Ogwal, "acha."

"Niache nini? Mtoto ana aibu, mkwe wangu. Hajakwambia? Huyu ndiye anaimba ile 'Funua Kawa' kwa redio! Ile nyimbo ya asili! Nchi yote inacheza!"

Jamilah alifumba macho. Alipoyafumbua, mama yake alikuwa amesimama. Hakuwa amekasirika usoni. Aliingia chumbani, akatoka na kawa kubwa jekundu, la zamani kuliko yote, akalishusha juu ya sinia. Mvuke ukakatika.

"Ahsanteni kwa kuja," alisema.

Amony alibaki na mkono hewani. "Mkwe, nimekosea nini? Tumekuja vizuri!"

"Mama, tafadhali..." Jamilah alianza.

"Wa asili," alisema Mama Faridah, na sauti aliyodai imekwisha ikajaa chumba. "Nimelisikia neno hilo miaka thelathini. Asili ni nani? Ana nyumba wapi? Aliolewa na nani? Wimbo wa mwanamume una jina lake hata akishaoza kaburini. Wimbo wa mwanamke aliyeupigia ngoma kwa mikono yake mwenyewe ni wa asili, uliota kando ya barabara kama majani, anayepita na akate!"

Ogwal aliinuka. "Mama, sielewi."

"Utaelewa. Siku ya posa yangu, watu wa Abdul-Latif walichelewa. Mvua ilikuwa kubwa. Baba yangu alisubiri, akasubiri, akasema wametudharau. Akachukua kawa hili," akalipiga kofi, "akafunika. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na wenzangu. Nikasikia Abdul-Latif amefika mlangoni, anaomba radhi, baba hataki. Nilikuwa na umri wa binti yangu. Ningelia? Nilivuta ngoma, nikaimba. Nikajitaja kwa jina langu, mbele ya wanaume, kitu ambacho hakijafanywa nyumbani kwetu. Niliimba mpaka baba akafunua. Ndiyo ndoa yangu hiyo. Ndiye baba yako huyo, Jamilah."

Jamilah alijikuta ameweka birika chini. Hakuwahi kuambiwa.

"Mwaka uliofuata bendi ya polisi ikaja kupiga katika arusi ya dada yangu. Wakasema, mama, tufundishe. Nikawafundisha, mwenyewe, ua huu huu! Kiongozi wao, na Okwera, baba yako wewe, na gitaa lake. Kaseti ilipotoka, mstari wangu haukuwemo. Eti jina la mwanamke litawachanganya wanunuzi. Wakakata kichwa, wakauza kiwiliwili. Sikuimba tena arusini. Ningeimba nini? Watu wangesema nakopi bendi."

"Ni mstari gani?" Jamilah aliuliza kwa sauti ndogo.

"Umekatwa. Waulize waliokata."

Ogwal alikuwa ameegemea ukuta kana kwamba nyumba imeinama. "Baba alikuwepo," alisema. "Alijua."

"Alijua. Kutoka kambi ya polisi mpaka Kasubi si safari. Hakuja hata siku moja. Vaa viatu, mwanangu. Wewe sina ugomvi nawe, lakini binti yangu hataingia nyumba iliyokula jina la mama yake."

Ogwal alimtazama Jamilah. Macho yake yalikuwa mekundu, na hayakumwomba kitu. Hilo ndilo lililomchoma. Angalimwomba, angaliweza kukataa. Aliinama kutafuta viatu.

Na Jamilah, ambaye hakuwahi kumpinga mama yake kwa neno, alikwenda nyuma ya mlango akatoka na gitaa.

"Piga mwanzo," alisema.

"Jamilah!" Mama alishtuka.

"Mama, umewahi kuusikia wimbo wa Ogwal tangu mwanzo? Si redioni. Redioni wanazungumza juu yake. Umewahi?"

"Naondoka kabla haujaanza. Unajua."

"Basi sikiliza mwanzo tu. Usiimbe, Ogwal. Piga."

Vidole vya Ogwal vilikuwa vizito, lakini vilijua njia. Gitaa likaanza kuzunguka: mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne, hakuna sauti ya mtu juu yake. Mama Faridah alikuwa ameshika mlango wa uani atoke. Hakutoka. Midomo yake ilianza kusogea, pamoja na nyuzi, neno kwa neno, bila sauti. Gitaa lilipofika mahali pa *Funua kawa*, midomo yake nayo ilifika.

Ogwal akasimamisha nyuzi kwa kiganja.

"Alinigonga vidole kwa ajili ya mahali hapo," alisema. "Kila siku, tangu nikiwa mdogo. 'Ngoja. Kuna mtu hapo.' Mama, nilidhani ananifundisha kuhesabu. Alikuwa anakushikia nafasi."

"Angenifungulia mdomo wake akasema!" Mama alijibu kwa ukali, lakini machozi yalikuwa yameshamtoka, na aliyafuta kwa hasira kama mtu anayefukuza nzi. "Muoga. Mpiga gitaa mzuri, lakini muoga."

"Ni kweli," alisema Amony polepole. "Kaka yangu alikuwa muoga. Hata mke nilimposea mimi."

Hapo simu ya Ogwal ikalia.

Wote wakaitazama. Saa kumi kamili. Nje, katika nyumba zote za mtaa, redio zilikuwa zimefunguliwa kwa programu ya Guerschom kama kila Jumamosi. Walisikia wimbo wake wa kufungulia programu ukipita juu ya kuta za ua.

"Pokea," Jamilah alisema. "Na useme ukweli."

Ogwal akabonyeza kipaza sauti cha simu.

"Ogwal, kaka!" Sauti ya Guerschom, Mkongo mwenye maneno mengi, ilijaa mkekani. "Uko hewani! Tuambie, 'Funua Kawa', ile wimbo tamu, ilitoka wapi?"

"Haukutoka, ulichukuliwa," alisema Ogwal. "Guerschom, si wimbo wa asili. Nimesema hivyo kila mahali na nilikosea. Mwenyewe ni Faridah binti Kamis wa Kasubi. Aliutunga siku ya posa yake. Mstari wa kwanza ulikatwa katika kaseti, na baba yangu alikuwa kwenye bendi iliyokata. Mwenyewe yuko hapa mbele yangu. Mimi nimekaa kwake, na chakula kimefunikwa."

Guerschom akashusha sauti ghafla. "Mama... Mama yupo? Mama anaweza kutuimbia huo mstari?"

Mama Faridah alitikisa kichwa. Alirudi nyuma hatua moja. Kisha akamtazama Ogwal, aliyeshika simu kwa mkono mmoja na gitaa kwa mwingine.

"Hivyo gitaa litapigwa na nani?" alisema. "Mpe Jamilah simu."

Ogwal akapiga. Mama akavuta beseni la plastiki la kunawia, akalipindua, akalipiga kwa viganja, na zamani yote ikarudi mikononi mwake.

*Mimi Faridah binti Kamis, nimepika kwa mikono yangu,*
*nani amewaambia sitaki, nani ameniuliza?*
*Funua kawa, mwenzangu, chakula kisipoe...*

Sekunde chache baadaye sauti yake ikarudi, kutoka kwa jirani wa kushoto, kutoka kwa jirani wa kulia, kutoka duka la mkaa kule barabarani: *Mimi Faridah binti Kamis.* Vigelegele vikapanda ua hadi ua. Mtu akapiga kelele, "Mama Jamilah! Kumbe ni wewe!" Guerschom naye alikuwa anapiga mayowe redioni, "Punguzeni redio hapo, punguzeni, naomba Mama arudie!" Amony alikuwa ameshainuka anacheza, manukato na yote.

Mama aliimba mara mbili. Jamilah alipokata simu, Mama alikuwa anahema, uso unang'aa kwa jasho, amekuwa mdogo kuliko binti yake. Ogwal alilaza gitaa chini, akapiga magoti mbele yake.

"Sitauimba tena bila huo mstari, Mama. Na bila ruhusa yako sitauimba kabisa."

"Huo mstari hauimbwi na mwanamume," alisema Mama. "Utauharibu." Akaketi. Akatazama sinia. Kawa jekundu lilikuwa bado pale pale, halijaguswa.

Amony akasogea karibu na sinia.

"Mkwe," alinong'ona, "si tufunue sasa?"

"Mimi kawa langu lilifunuliwa kwa kuimba," Mama Faridah akajibu. Macho yake yalikuwa kwa Jamilah, makali, yenye kicheko kilichojificha nyuma kabisa. "Sikuimbiwa na mtu. Mwenye chakula chake aseme."

Jamilah alihisi damu ikimpanda masikioni. Yeye, aliyesoma mianzo ya watu wengine kutwa nzima, akaifunga, akaiuza. Alimtazama Ogwal. Alikuwa ameshalirudia gitaa, kichwa ameinamisha, na nyuzi zilikuwa zimeanza kuzunguka: mmoja, wa pili. Hakumwonyesha ishara yoyote. Alimngoja, kama alivyofundishwa.

Jamilah alijikohoza. Akafungua kinywa.

"*Mimi Jamilah binti Abdul-Latif,*" aliimba, na sauti ilimpasuka katikati ya jina la baba yake, akaiokota, akaendelea, "*nimepika kwa mikono yangu...*"

"Uongo," alisema Mama. "Nimepika mimi." Na akafunua kawa.

Chakula kilikuwa kimepoa. Hakuna aliyengoja kipashwe moto.